Kila mtu na edita yake kwenye mradi mmoja, mfanyeje

Mkuu, umesema kwenye timu wengine VS Code, wengine Vim, mmoja PyCharm, na mtu akigusa mstari mmoja tu akasevu, riviu inaonyesha faili zima limebadilika, ndo unauliza kama muwalazimishe wote edita moja. Msifanye hivyo aisee. Mtu muacheni na edita aliyoizoea, mpangilio ndo ukae ndani ya mradi wenyewe.

Wekeni faili la .editorconfig (linaloziambia edita zote zipange kodi vipi) kwenye folda kuu, juu kabisa root = true ili edita isipande folda za juu kutafuta jingine, halafu indent_style, indent_size, charset na insert_final_newline, inatosha. PyCharm inalisoma yenyewe, Neovim kuanzia 0.9 pia, ila VS Code inataka plagini (programu ndogo ya nyongeza) na hapo ndo kwetu palitusumbua sana, anaingia mtu mpya hana plagini, tab zinarudi upya. Dawa yake ni kuitaja hiyo plagini kwenye .vscode/extensions.json, akifungua mradi anaulizwa kama aiweke.

Makefile muiachie tab zake, ukiweka spesi haifanyi kazi kabisa. Na faili za md msizifutie spesi za mwisho wa mstari, maana spesi mbili pale zina kazi, zinakata mstari.

Sasa hilo la faili zima kubadilika mara nyingi ni Windows, miisho ya mistari inageuka CRLF (alama ya Windows ya kumaliza mstari, Linux na Mac ni LF), na hapo .editorconfig peke yake haitoshi kwa sababu Git (inayotunza historia ya kodi) nayo inageuza. Wekeni .gitattributes yenye * text=auto eol=lf kisha git add --renormalize . (inarekebisha miisho ya mistari kwenye faili zilizopo) na mkomiti.

Kodi za zamani zipangeni zote kwa komiti moja isiyo na kitu kingine ndani, siku ambayo brenchi nyingi zimeshaunganishwa, la sivyo mtalia na konflikti wiki nzima. Hashi yake (namba ya utambulisho ya hiyo komiti) iandikeni kwenye .git-blame-ignore-revs, kila mtu aiambie Git yake kwa git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs, hapo git blame itaendelea kuonyesha aliyeandika mstari kweli (Git iwe 2.23 kwenda juu). Hii naisisitiza, watu wengi wanairuka na historia ya mradi inapotea machoni.

Mwisho black --check (black ni programu ya kupanga kodi za Python) iwe kwenye CI, yaani ukaguzi unaojiendesha wenyewe kabla kodi haijaunganishwa, isiyopita haiunganishwi, hata ya bosi. Ukikwama kwenye renormalize weka hapa git status yako tuione.