Nitoke Kasumulu au Tunduma? Anko anajibu wa begi mgongoni

SWALI: Kamwene anko. Mi ni kijana wa Mafinga, nipo kwenye mbao, mwezi wa saba nimejitengea wiki tatu nataka niende Malawi alafu Zambia na begi langu mgongoni then nirudi zangu nyumbani. Paspoti ninayo. Shida kila mtu ananiambia lake, mmoja anasema anzia Tunduma, mwingine anasema kata tiketi zote kabla hujatoka, mwingine beba dola tu. Sijawahi hata kufika Kyela, sijui kutoka nchi moja kuingia nyingine kunaendaje. Nielekeze.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kamwene sana mdogo wangu. Kwanza hongera ya paspoti, maana nusu ya wanaoniandikia wana kitambulisho cha NIDA tu, wameona watu wa Kasumulu wanavuka kwenda sokoni na kurudi jioni basi wanadhani watafika hivyo hivyo mpaka Lilongwe.

Anzia Kasumulu, mpaka wetu na Malawi, rudia Tunduma, mpaka wetu na Zambia. Sababu yangu ni pesa. Malawi wanatumia kwacha na Zambia wanatumia kwacha, ila ni jina tu wamefanana (maana yake ni kumekucha, hata sisi tunalisikia hilo), pesa yenyewe ni mbili tofauti na ya huku huli nayo kule. Sasa ya Malawi ni ya kutumia uimalize, sio ya kutunza, mwezi wa 11 mwaka 2023 benki kuu yao iliishusha thamani asilimia 44 kwa mpigo mmoja, kwa hiyo mtu aliyelala na bunda chini ya godoro aliamka na kitu kingine kabisa. Ya Zambia ukibaki nayo mwisho wa safari unaiuza Tunduma, pale malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni mchana na usiku, mnunuzi hakosekani. Ndo maana nataka umalizie upande ule.

Dola beba kidogo za dharura, noti safi, uzifiche mbali na pochi. Shilingi zako badilisha za kukufikisha Karonga, mji wa Malawi ukishavuka, na kulala tu, nyingine utabadilisha benki au kwenye duka la fedha ukiwa umetulia. Nakwambia kwa uchungu, mara yangu ya kwanza nilibadilisha nikiwa bado nimekaa kwenye bodaboda, kijana kanihesabia noti mbele ya macho yangu, moja mbili tatu, kazikunja kanipa, nikasema ndaga, yaani asante, nikaenda. Kufika Karonga nafungua, kumbe noti za katikati zilikunjwa kati, kila moja imehesabiwa mara mbili. Niliishi kwa mihogo siku ile. Kwa hiyo we ndo uwe wa mwisho kuhesabu, moja moja, na shilingi zako zisitoke mkononi kabla hujamaliza. Reti waulize abiria wanaotoka upande wa pili, usimuulize anayekuuzia.

Njia yenyewe: Mbeya, Uyole, Tukuyu, alafu unashuka kuelekea Kyela. Muulize konda kabla hujapanda kama gari linafika mpakani kabisa au linakutupa njia panda umalizie na bodaboda, maana Mbeya stendi kila gari "linafika mpakani". Toka alfajiri. Ukivuka mapema unapata gari la Karonga, na kesho yake unashika la Mzuzu na Lilongwe ukiwa na akili zako. Malawi huwa kuna misimu mafuta yanakosekana, minibasi zinakaa foleni sheli, kwa hiyo kwenye wiki zako tatu acha siku mbili tatu za kupotea.

Kitu kingine kinachowaumiza wengi ni saa. Malawi na Zambia wako nyuma yetu saa moja, na juu ya hapo hawahesabu saa kama sisi, wanahesabu kizungu hata wakiongea lugha yao. Ukiambiwa basi ni "six", hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi kwao, na saa yako ya mkononi ambayo hujairudisha nyuma itakuwa inasoma saa moja. Usije ukatokea saa sita mchana na begi lako unauliza basi liko wapi, yupo mtu alifanya hivyo na simtaji, ila tulioana.

Tiketi zote za kazi gani? Usikate. Cha muhimu kila nchi unayoingia uwe unajua utatokea mpaka upi, na ofisa atakuuliza hivyo hivyo, unakaa siku ngapi, unatokea wapi. Kwako wewe jibu ni Mchinji, ni magharibi ya Lilongwe, unavuka unaingia Chipata, kutoka pale basi za Lusaka zipo. Viza hatulipi nchi zote mbili kwa matembezi, ila ukigongewa muhuri usiondoke dirishani kabla hujasoma siku ulizopewa, wakiandika saba na we unataka kumi na nne sema pale pale. Kadi ya njano ibebe, chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa na siku hizi kadi haiishi muda.

Ukirudi Nakonde, ndo upande wa Zambia unaotazamana na Tunduma, usikubali kijana akushikie paspoti "akusaidie". Tangu 2019 Tunduma na Nakonde wanahudumia kwa pamoja, ukitoka Zambia mihuri yote miwili unaipata jengo la upande wa Tunduma. Pale mji umeungana, unaweza kuvuka bila kujua umevuka, sasa ukija safari nyingine wanakuta hukuwahi kutoka Zambia.

SWALI: Shikamoo anko, kurudi kutoka Zambia na treni inawezekana?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba. Reli ya TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi na inapita Mbeya hapo hapo kwako, ila Lusaka haifiki, itabidi upande basi mpaka Kapiri. Nenda stesheni uulize kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo. Na usiwe na ahadi ya kazi kesho yake.

SWALI: Ugonile anko. Mi ni binti wa Tukuyu, nataka kwenda Malawi wiki moja peke yangu, mama amegoma kabisa anasema ni mbali na sina ndugu huko.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndaga mwanangu. Mama msikilize kwenye usiku, usifike mji mgeni giza limeingia, na gesti uwe umeipigia simu kabla. Nunua laini ya kule siku ya kwanza umtumie namba. Ila kwenye ndugu hapana, Wangonde wa Karonga wanaongea karibu sawa na nyie, mama mwenyewe akisalimia pale sokoni ataitikiwa. Na kwa umbali mwambie kutoka hapo Tukuyu, Karonga ni karibu kuliko Makambako.