Jibu: Tromsø hadi Longyearbyen ni mbali kiasi gani?

Habari ndugu. Umeshangaa ramani inaonyesha bahari ndefu hivyo kati ya Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, na Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vya Svalbard, ilhali tiketi inasema saa moja na dakika 40 hivi. Amini tiketi. Ramani bapa hutanua kaskazini. Angani ni kama kilomita 960 tu.

Cha kuangalia kwanza ni viza. Svalbard ni ya Norwei lakini iko nje ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa hiyo ukiondoka Tromsø umeshatoka, na kurudi ni kuingia upya. Mimi na pasipoti yangu ya Tanzania nusura nikwame: stika ya viza ilikuwa na "01", yaani kuingia mara moja tu. Bahati nikaiona mapema, nikaomba ya "02", ya kuingia mara mbili. Tromsø kwenyewe, tenga muda wa foleni ya pasipoti.