Nyota ya begani huanzia kwenye faili: majibu kwa askari wanaotaka chuo

Tangu nilipotaja hapa kwamba niliingia jeshini nikiwa kuruta, nikakaa na cheo cha praiveti miaka kadhaa kabla ya kwenda kusoma na kupata kamisheni, ujumbe hauishi kwenye simu yangu. Unatoka Mbalizi, Mafinga, Songea, mwingine kwa mke wa askari kule Makambako. Nimechagua machache, nikaondoa majina na namba za vikosi.

Shikamoo afande. Mimi ni koplo, niko Mbeya. Kidato cha nne nilipata C mbili na D tano, daraja la nne la pointi 26. Nataka digrii ili siku moja niombe uafisa. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Wengi wenye matokeo kama yako hukimbilia kujisajili mtihani wa kidato cha sita wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, kisha wanakwama mlangoni, kwa sababu mtihani ule unataka C tatu za kidato cha nne. Wewe unazo mbili. Unaweza kurudia somo moja au mawili Novemba ukatafuta hiyo ya tatu, ukakaa kidato cha sita, na ukifaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 kwenda juu (A ni 5, E ni 1) kozi nyingi za chuo kikuu zitakupokea.

Mimi nikitazama matokeo yako naiona diploma. Ufaulu wako unatosha kuanza cheti cha ufundi na kupanda hadi diploma, safari ya miaka mitatu. Ukimaliza na GPA ya 3.0, pamoja na zile D zako nne kwenda juu za kidato cha nne, mlango wa digrii uko wazi. Hapo Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho kilianza kama chuo cha ufundi na mpaka leo kinafundisha diploma. Ile kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria usiifikirie kwa sasa. Inamsaidia aliyekwisha kupita kidato cha sita au diploma akapungukiwa pointi.

Sasa nikuulize: kikosini unafanya kazi gani? Kama uko karakana ya magari, soma ufundi mitambo. Kama uko mawasiliano, soma elektroniki. Jeshi husomesha pale lenye pengo, na askari anayeomba kusomea kazi ambayo mikono yake imekwisha kuizoea ana hoja ambayo mkuu wake hawezi kuipuuza. Na ujue mapema kwamba digrii peke yake haikupi nyota. Lazima uchaguliwe kuwa afisa mwanafunzi, uende chuo cha kijeshi cha Monduli, umalize, ndipo Amiri Jeshi Mkuu akutunuku kamisheni ukiwa Luteni Usu.

Afande, mimi ni praiveti, Iringa. Nilijiandikisha chuo masomo ya jioni bila kusema kikosini, ada najilipia mwenyewe. Niko semista ya pili. Sasa mitihani imeangukia wiki ya zoezi la kikosi. Nifanyeje?

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na nitakujibu kwa kirefu.

Nilikuwa na rafiki, tulilala hanga moja, vitanda vyetu viligusana. Alikuwa na akili kunizidi, na hilo silisemi kwa unyenyekevu, kila mtu pale alilijua. Alijiandikisha chuo kimyakimya kama wewe. Vitabu alivificha chini ya sanduku la bati, akivisoma kwa tochi blanketi likiwa kichwani. Siku ya mtihani wake ikagongana na zamu ya lindo. Akaelewana na mwenzake wabadilishane, kwa mdomo tu, bila kuandika popote. Usiku ule mwenzake akashikwa na homa kali, lindo likabaki tupu. Asubuhi jina lililokuwa kwenye orodha ya zamu ni la rafiki yangu, na yeye alikuwa ndani ya chumba cha mtihani anajibu swali la tatu.

Aliadhibiwa, lakini adhabu ilipita. Kilichobaki ni karatasi moja ndani ya faili lake. Miaka iliyofuata, kila orodha ya wanaopendekezwa kwenda kozi ilipoandaliwa, faili lilifunguliwa na ile karatasi ikawa hapo inamsubiri. Alistaafu akiwa sajini. Mtihani wenyewe alifaulu vizuri sana.

Kwa hiyo wiki hii, kabla zoezi halijaanza, nenda kwa kamanda wa kombania yako. Usimtume mtu. Mwambie ulijiandikisha bila ruhusa, umekosea, na unaomba ruhusa sasa. Nenda na barua ya nusu ukurasa iliyoandikwa kwa Mkuu wa Kikosi kupitia kwake: kozi gani, chuo gani, miaka mingapi, saa ngapi uko darasani, nani analipa, na elimu hiyo itasaidia nini kikosini. Kaa na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akikwambia zoezi kwanza, itika na uende zoezini. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mitihani au mwaka mzima kwa sababu ya msingi, na barua ya mwajiri ni sababu ya msingi. Mtihani ukiahirishwa utaurudia. Lindo lililoachwa tupu halirudiwi.

Utaogopa, najua. Ila kamanda anayeambiwa na askari mwenyewe humkasirikia siku moja. Akija kugundua kwa wengine, hasira hiyo haiishi.

Mimi ni sajini, kwetu Tukuyu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Anyosisye, cheti cha kidato cha nne kinasema Anyosisya, kitambulisho cha taifa kina jina la ubatizo ambalo silitumii. Kuna tatizo hapo?

Lipo, kaka. Hili la majina limewaangusha watu wengi wa kwetu Rungwe na Kyela, kwa sababu majina yetu yaliandikwa na walimu, makarani na wauguzi, kila mmoja kwa sikio lake. Nyumbani tunacheka, tunasema ni mtu yuleyule. Mezani kwa mchujo hao ni watu watatu.

Yangu ilikuwa herufi moja tu. Nilikaa Mwanjelwa kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, mvua inanyesha, nikampa dada wa pale vyeti vyangu avitoe nakala za kuambatanisha. Alivipanga mezani kimoja pembeni ya kingine, akaweka kidole kwenye jina la ukoo. Kimoja kilikuwa na "k" na kingine hakina. Miaka yote nimevibeba sikuwahi kuviweka sambamba. Tarehe ya mwisho ya maombi ilikuwa siku nne mbele, sikuwahi, na mwaka ule ukanipita.

Fanya nilichofanya baadaye. Leo usiku toa kila karatasi yenye jina lako, uipange kitandani: cheti cha kuzaliwa, cha kumaliza shule, cha matokeo, namba ya NIDA, kadi ya benki, barua ya ajira. Cheti cha Baraza la Mitihani ndicho kigumu kukigusa kuliko vyote, basi hicho kiwe mzizi na vingine vikifuate. Wakili atakuandalia hati ya kiapo kwamba majina yale ni ya mtu mmoja, au hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ukishakuwa nayo, kitambulisho cha taifa kinaombewa marekebisho NIDA, na kikosini unapeleka nakala ili faili lako lisomeke vilevile. Anza sasa, wakati hakuna tangazo lolote, maana tangazo likitoka siku zinakimbia.

Kamwene afande. Mume wangu amechaguliwa kusomeshwa miaka mitatu. Tuna watoto wawili, na mimi nina kibanda cha nguo hapa Makambako. Tutaishije?

Kamwene, dada yangu. Nimefurahi umeandika wewe, kwa sababu wanaume hawaniulizi swali hili.

Anayesomeshwa na mwajiri wake hubaki mtumishi, na mshahara ndio nguzo yenu. Zinazoyumba ni posho zinazotokana na kazi maalumu au kituo maalumu, kwa kuwa kazi hiyo haifanyi tena. Mwambie apate kwa maandishi kutoka kwa mhasibu wa kikosi kiasi kitakachoingia kila mwezi. Mkae meza moja mkiwa na namba hiyo, mtoe makato ya mikopo ya benki, mtoe ada za watoto. Kama mna mkopo mkubwa unaomalizika mwaka huu, umalizeni kwanza. Na asichukue mpya ili aende chuo na simu nzuri.

Aukubali mkataba wa utumishi akiwa ameusoma. Akishasomeshwa atadaiwa miaka ya kulitumikia jeshi, na wewe pia utaitumikia, popote atakapopangwa. Kibanda chako usikifunge.

Naweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo nikiwa askari?

Hapana. Miongoni mwa sifa za mwombaji ni kutokuwa na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Na kama ulisoma kwa mkopo kabla ya kuajiriwa, tarajia makato ya asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Afande, niko chuo mwaka wa pili hapa Mbeya, nilipita JKT Itende. Nimesoma kwamba Marekani askari wa kawaida anasomeshwa digrii na kuwa afisa huku akilipwa. Sisi tuna kitu kama hicho? Na je, niache chuo niingie kwanza kama askari?

Uliyosoma ni ya kweli. Jeshi lao la nchi kavu lina mpango unaoitwa Green to Gold, ambao askari aliye kazini hupewa hadi miezi 24 kumaliza digrii akiendelea kupokea mshahara. La majini lina Seaman to Admiral-21: miezi 36, mshahara palepale, na dola 10,000 kwa mwaka za ada na vitabu, kisha anadaiwa miaka 5 ya utumishi baada ya kamisheni. Mipango ile ni ya askari wao, lakini kuna jambo la kujifunza humo: miezi imehesabiwa. Kwa ile miezi 24 ya Green to Gold, anayefaa ni yule aliyekwisha kukusanya masomo kadhaa ya chuo, na jeshi linamsogeza kipande kilichobaki.

Kwetu, Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli kinatoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha, miaka mitatu, darasa na uwanja pamoja. Anayehitimu anatoka na digrii na nyota.

La kuacha chuo, kijana wangu, nakusihi usifanye hivyo. Uko mwaka wa pili! Maliza. Nimewaona walioacha darasa wakiamini wataendelea wakishapata ajira, wakajikuta miaka kumi baadaye wanatafuta wadhamini wa kusomea kile walichokuwa nacho mkononi.

Mimi ni askari wa kike, sajini, miaka 34, Songea. Nimepata nafasi ya kusoma, lakini naona aibu kukaa na watoto wa miaka 20. Na hata nikimaliza, nani atamchukua mtu wa umri huu kuwa afisa?

Tenganisha mambo mawili. Chuo kikuu hakina kikomo cha umri. Kozi ya uafisa inacho, nacho huandikwa kwenye tangazo, kwa hiyo usikisie wala usisikilize ya mesini. Pata waraka wenyewe, usome mstari wa umri, kisha uhesabu miaka ya kozi yako. Kama digrii itakufikisha nje ya kikomo, bado itakupandisha katika fani yako na utakuwa nayo ukistaafu. Kama unawahi hata kwa mwaka mmoja, basi usiipoteze hata semista moja.

Kuhusu aibu, mfikirie Jenerali David Musuguri. Aliingia jeshi la mkoloni Mwingereza, King's African Rifles (KAR), mwaka 1942, akianzia chini kabisa, na kwa miaka mingi afisa Mwafrika lilikuwa jambo la ndoto. Januari 1964, wakati askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, moja ya madai yao lilikuwa hilohilo: maafisa wa Kiingereza waondoke, nafasi zishikwe na Waafrika. Sikubaliani na uasi, hata kidogo, lakini kiu ile naielewa. Musuguri alikuja kuiongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera akiwa na karibu miaka 60, na kuanzia 1980 hadi 1988 akawa Mkuu wa Majeshi. Wewe una miaka 34.

Wale watoto watakuzidi kasi ya kuandika kwenye kompyuta, waombe wakufundishe. Wewe umeshakaa lindoni saa tisa usiku kwenye baridi, unajua askari aliyechoka anavyosema "sawa afande" bila kuelewa amri. Utakapokuwa unatoa amri hizo, utajua kuziweka kwa maneno mafupi.

Afande, nimeitwa usaili wiki ijayo, natokea Iringa. Wanauliza nini?

Watakuuliza habari za nchi na za jeshi, kwa nini unataka uafisa, na jambo moja la kazi yako ya sasa ulieleze kwa mtu asiyelijua. Jibu kwa sauti inayofika ukutani. Usitaje mshahara.

Na kwa kuwa wewe ni wa Iringa, uwe tayari kwa hili, maana nilishuhudia kijana wa huko akiulizwa akabaki kimya: jina la kambi ya Lugalo pale Dar es Salaam limetoka wapi? Kambi ile zamani iliitwa Colito, na uasi wa 1964 ndipo ulipoanzia. Jina jipya likatoka kwenu. Lugalo, Agosti 17, 1891, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa waliwavizia Wajerumani waliokuwa wakiongozwa na Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Ukipata nafasi Jumamosi, panda gari uende ukaione sehemu yenyewe kabla ya usaili.