Strahd Asipigike Mapema: Kumwendesha Adui Anayewazidi Wachezaji Mbali

Strahd, mnyonya damu anayetawala Curse of Strahd (2016), kampeni yaani hadithi ndefu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wa mezani unaochezwa kwa dadu, anaweza kuwatokea wahusika wa wachezaji wakiwa bado ngazi ya 3. Pigo lake moja la mkono lina madhara ya wastani wa pointi 22. Mchawi wa ngazi hiyo mwenye ustahimilivu wa 14 ana pointi 20 za uhai, basi. Hapo mwendesha mchezo, yaani anayesimulia na kuwachezesha maadui, ama anaua kundi zima, ama anaanza kumkosesha adui shabaha kwa makusudi. Wachezaji wanaling'amua hilo upesi, na hofu ikishatoka mezani ni kazi kuirudisha.

Usimpunguzie nguvu. Mpe shughuli. Kabla ya kila ujio wake andika sentensi moja: leo amefuata nini? Labda anataka kujua nani kati yao ni kiongozi, au kumchukua mtu wanayemlinda, au kuona tu kasisi wao ana uwezo gani. Akikipata anaondoka, hata kama ni raundi ya pili. Raundi 3 zinatosha kabisa. Uchawi wake wa tufe la moto uweke kando siku ya kwanza: ni dadu 8 za pande sita, wastani wa 28, na hata aliyerusha dadu akafaulu kujinusuru anakula nusu. Mtu aliyekuja kuwapima wageni wake hana sababu ya kuwateketeza.

Wapo watakaomvamia hata hivyo. Waambie mapema, kabla kampeni haijaanza, kwamba kukimbia kunaruhusiwa na kwamba kuna maadui watakaowazidi. Na wakivamia, wapoteze kitu kinachouma bila kufa: farasi, barua, rafiki aliyetekwa.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni udhaifu wake, kwa sababu ndiko matumaini yanakotoka. Strahd hujiponya pointi 20 kila zamu yake inapoanza, lakini madhara ya nuru au maji matakatifu huzuia hilo kwa zamu inayofuata. Usiwasomee kanuni. Kasisi akimpiga kwa nuru, zamu ya Strahd ikifika sema: “Majeraha yote ya jana yalijifunga mbele ya macho yenu. Hili bado liko wazi.” Meza nzima itanyamaza, kisha mtu ataandika. Vivyo hivyo upanga ukimpata na ngozi isichanike: Moyo wa Huzuni, moyo wa kioo cha kichawi uliomo mnarani ndani ya ngome yake, humeza hadi pointi 50 za madhara yanayompata, na hujaa tena alfajiri usipovunjwa. Kila siri ya namna hii iwe na njia tatu za kuigundua, maana mbili za kwanza watazipita bila kuziona.

Ana pia nafasi 3 kwa siku za kugeuza kushindwa kujinusuru kuwa kufaulu. Zitangaze waziwazi kila anapotumia moja: “Imebaki moja.” Ukizificha, mchezaji anaona uchawi wake umepotea bure, ukizitaja, anajua amemchuna adui kitu.

Pambano la mwisho lina mtego unaosahaulika sana. Akiishiwa uhai nje ya mwanga wa jua na maji yatiririkayo, hageuki maiti, anageuka ukungu, na ana saa 2 za kufika kwenye jeneza lake. Kwa hiyo hakikisha wamelijua jeneza lilipo kabla hawajapanda ngazi za ngome, la sivyo watashinda pambano kisha wazunguke vyumba hadi ajiponye.