Weka hilo bomba chini kwanza, hizo nati za eksozi zinataka moto

Mkuu, acha. Usiguse tena hiyo pikipiki mpaka umalize kusoma hapa. Umesema nati za eksozi kwenye hedi (kile kichwa cha injini cha alumini) zimeganda miaka na miaka, kutu tupu, skrubu za kava la klachi nazo hazitaki, na kuna jamaa kakwambia uchomeke bomba kwenye mkono wa spana upate nguvu. Huyo jamaa hakutakii mema hata kama anakupenda.

Mimi niliambiwa hivyohivyo na fundi niliyemwamini, tena kasimama pembeni ananihimiza "vuta, vuta, inakuja hiyo". Kweli nikasikia inakuja, inazunguka laini kabisa kama siagi, kumbe sio nati inayofunguka, ni stadi inajinyonga, yaani ile fimbo yenye nyuzi iliyofungwa kwenye hedi ambayo nati inakaa juu yake. Ikakatika usawa wa hedi. Sasa mpaka hapo bado ilikuwa inaokoleka, nataka uelewe hilo, stadi iliyokatika sio mwisho wa dunia. Hasara yenyewe ilikuja baada ya hapo, fundi yuleyule akatoa kile kidude chenye nyuzi za kushoto unachotoboa tundu katikati ya bolti halafu unakisokota ndani. Kile ni chuma kigumu sana ila chembamba, na chuma kigumu hakipindi, kinavunjika. Kikavunjikia ndani ya stadi. Hapo ndio nilipolia, kwa sababu biti ya drili ya kawaida haiingii kwenye chuma kile, inateleza inaenda pembeni kwenye alumini laini, na yeye akaendelea kutoboa tu! Tundu likaenda upande, nyuzi za hedi zikaisha, likapasua hadi ukingoni. Hedi nzima ikatupwa. Nikanunua nyingine ya mtumba kwa bei ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakasirika, na yule bwana akanambia eti "pikipiki za zamani ndio zilivyo". Hapana bwana, pikipiki haikuwa na kosa lolote.

Yaani mtu anayejiita fundi hajui kwamba bolti iliyokatika kwa sababu ya nguvu ya spana kubwa haiwezi kutoka kwa kidude chembamba kuliko bolti yenyewe?? Fikiria tu mwenyewe.

Sheria yangu sasa ni moja: MOTO KABLA YA NGUVU. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwahiyo ukichoma hedi kuzunguka stadi tundu linaachia. Nati nayo ukiichoma yenyewe inatanuka na kuivunja ile kutu iliyoishika. Oili ya kulegeza kutu peke yake haifiki ndani kama pamebana, ila ukichoma halafu ukaacha ipoe, kile kiufa kati ya nati na stadi kinainyonya ndani. Pulizia usiku, kesho gonga ncha ya stadi kwa nyundo ndogo, sio kwa hasira, mtikiso tu, pulizia tena. Mimi huwa nagusisha na mshumaa kwenye stadi ikiwa ya moto, nta inayeyuka inajipenyeza yenyewe. Halafu soketi ya pembe sita, ile ya pembe kumi na mbili inakula kona za nati iliyoliwa na kutu. Anza kwa kukaza kidogo, ndio ulegeze, kaza, legeza. Ukihisi inarudi kama springi ACHA, hiyo ni stadi inajinyonga, rudi kwenye moto. Na ikitoka stadi nzima pamoja na nati, shukuru, hayo ndio matokeo mazuri kuliko yote.

Ila moto una adabu zake. Toa tangi, toa kabureta, usiache petroli popote karibu. Usipulizie ile dawa ya kusafishia breki halafu ukachoma, kuna aina zake zikipata moto zinatoa gesi ya sumu. Na alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwahiyo usisubiri ibadilike rangi, wewe zungusha tochi ya moto isikae sehemu moja, dondoshea tone la maji, likichemka na kukimbia inatosha.

Ikikatika pamoja na yote hayo, basi mtafute mchomeleaji aweke nati mpya juu ya kipande kilichobaki na aichomelee kwa ndani, lile joto la kuchomelea ndilo linaloilegeza na hapohapo umepata pa kushika. Betri itolewe kwanza. Kile kidude cha nyuzi za kushoto kisikaribie hedi yako kabisa, hata kama mwenye nacho anaapa.

Stadi mpya ukizirudisha paka grisi ya shaba, ile isiyoungua kwa joto la eksozi, nyembamba tu.

Pikipiki yako ni ya Kijapani au? Maana kama ni hivyo hizo skrubu za kava la klachi sio za bisibisi ya nyota ya kawaida, itateleza tu, hilo tuliache kwanza. Choma nati leo, iache ipoe na oili usiku kucha, choma tena kesho, halafu njoo useme imesogea au haijasogea kabla hujaongeza nguvu yoyote.