Wasiwasi wa saa tisa usiku

Machi 2020, shule zilipofungwa Kenya nzima, nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule ya binafsi hapa Mombasa. Mwalimu wa shule ya binafsi analipwa na karo. Watoto wasipokuja, karo nayo haiji. Mshahara wa Machi tulipewa nusu. Wa Aprili hatukuuona. Wanafunzi wote walikuja kurudi Januari 2021, lakini mwezi ule hakuna aliyejua ni lini, na kutojua ndiko kulikonitesa kuliko ukata wenyewe.

Nikaanza kuamka saa tisa usiku. Kila usiku, kama niliyetegewa saa. Moyo unadunda hadi nausikia kwenye mto, vidole vimekufa ganzi, kifua kama kimekazwa leso. Kwanza niliamini nina korona, halafu nikaamini ni ugonjwa wa moyo. Nilipokwenda zahanati nesi akanipima presha, akanisikiliza kifua, kisha akauliza, "Mama, nyumbani mnakula?" Nikalia kabla sijajibu.

Yeye ndiye aliyenieleza ile ganzi. Mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka bila kujijua, anatoa hewa nyingi kuliko inavyotakiwa, ndipo vidole vinapoanza kuchomachoma. Akanifundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya saba au nane. Kutoa ndiko kunakopoza mapigo ya moyo. Mara ya kwanza nilijiona mjinga, nimekaa kitandani gizani nahesabu kama mtoto wa chekechea. Lakini ilisaidia. (Nawe ukiumwa kifua, nenda ukapimwe kwanza, usinisikilize mimi.)

Jirani aliniambia ni shetani tu, nisome Ayatul Kursiy. Nilisoma, na bado nasoma. Sioni kwa nini dua na nesi wagombane.

Kilichonibadilisha hasa ni hesabu, na hapa najua wengi watanipinga, maana ushauri tuliouzoea ni "usifikirie sana." Wakati ule kila alasiri Wizara ya Afya ilikuwa inatangaza idadi: waliopimwa, walioambukizwa, waliofariki. Sikuikosa hata siku moja. Ungeniuliza kuna wagonjwa wangapi Mandera ningekutajia. Ungeniuliza nina shilingi ngapi kwenye M-Pesa, sijui. Sikutaka kujua. Nilikuwa naogopa kuangalia salio langu mwenyewe.

Usiku mmoja nikachoka kuogopa. Nikawasha taa ya simu, nikachukua daftari la insha la mwanafunzi mmoja lililobaki kwangu bila kusahihishwa, nikafungua ukurasa wa nyuma. Salio: 9,350. Kodi: 6,500. Deni la dukani: 2,180. Nikaandika unga, mafuta, mchele, mitungi ya maji. Jibu likawa kwamba nikilipa kila kitu hatufiki wiki, na nisipolipa kodi tunakula mwezi mzima.

Si habari njema hiyo. Lakini nililala hadi adhana ya alfajiri, kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe. Kile kitu kilichokuwa kinanikaba hakikuwa na ukubwa. Sasa kilikuwa na tarakimu nne na jina la mzee mmoja, mwenye nyumba wangu.

Asubuhi nikamwendea kabla hajanijia. "Shikamoo mzee. Kodi yote sina, nitakupa elfu tatu, iliyobaki tuiandike." Alinung'unika sana, akasema naye anakula kupitia kodi hizo hizo, mwisho akakubali. Sikuahidi kwamba wako atakubali. Mwalimu mwenzangu alifanya vivyo hivyo akafungiwa mlango kwa kufuli. Ila hata yeye anasema afadhali alijua.

Taarifa ya alasiri niliiacha. Nikawa nasoma habari mara moja tu, asubuhi, na chai ya rangi kali nikaikatia saa tisa mchana.

Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili misikiti ilikuwa imefungwa na kafyu inaanza saa moja jioni. Nikaanza kukanda mahamri ya kuuza kabla ya magharibi, watu wapate kufuturu na kuwahi ndani. Faida ilikuwa ndogo, na siku ya kwanza hamira haikuumua, tukayala wenyewe magumu kama kokoto. Lakini unga wa kilo mbili hauruhusu mawazo. Unakanda mpaka mabega yanauma, harufu ya iliki imekujaa puani, na ikifika usiku mwili unadai usingizi wake bila kukuomba ruhusa. Ndiyo maana nikiulizwa dawa ya wasiwasi mimi huuliza kwanza, mikono yako inafanya nini siku nzima?

Kuna hali mahamri hayaitibu. Ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, ukaacha kula, au ukaanza kuona afadhali usingekuwepo, mwambie mtu leo na muende hospitali. Hilo si la daftari.

Daftari lenyewe ninalo bado. Mbele kuna insha ya mtoto yule, kurasa moja na nusu, haina alama hata moja ya kalamu nyekundu. Mwenyewe yuko sekondari sasa, na kila tukikutana sokoni ananidai maksi zake.