Nenda usiku ule ule wa kwanza, ukakae na waliosoma kitabu

Wahariri habari zenu. Swali lenu la wiki hii limenifanya niweke kila kitu pembeni niandike: mmeuliza kitabu cha vijana unachokipenda kikitengenezewa muvi, je ni bora uende kwenye uzinduzi wake ukipata nafasi au usubiri kelele zipoe ndo ukaione kwa utulivu. Najua wengi watasema subiri, uzinduzi ni mambo ya mastaa na makamera, mpenda vitabu anaenda kutafuta nini pale. Mi najibu nenda. Mlango ukifunguka hata kidogo ingia, na sababu yangu haihusiani kabisa na zulia jekundu wala magauni, inahusu wale watu utakaokaa nao ndani taa zikishazimwa.

Nieleze nlivyoyaona mwenyewe. Tarehe 12 Machi 2012 The Hunger Games, muvi ya kile kitabu ambacho vijana wa wilaya wanachaguliwa kwa kura kwenda kuuana uwanjani mpaka abaki mmoja huku watu wanaangalia kwenye skrini, ilizinduliwa Los Angeles kwenye ukumbi uliokuwa ukiitwa Nokia Theatre, siku hizi umebadilishwa jina, ukumbi mkubwa wa viti kama elfu saba hivi, kwahiyo haikuwa ile kwamba wanaingia wakubwa wa studio na wake zao tu basi. Wakati huo nlikuwa naishi kule kimasomo na binamu yangu alishinda tiketi mbili kwenye shindano la redio, akasema lazima twende wote maana kitabu chenyewe alikisoma kwa kuniazima mimi, na kilirudi kwangu kimechakaa kurasa zinachomoka.

Mambo ya nje nitayapitia haraka. Mnasimama sana. Kuna vizuizi vya chuma, kuna walinzi wanarudia maneno yale yale, kila gari likisimama watu wanapiga mayowe hata kabla hawajajua anashuka nani. Jennifer Lawrence, aliyemuigiza Katniss mhusika mkuu, alipita na gauni la rangi ya dhahabu na kwakweli alipendeza, lakini nlichokuwa nakiangalia zaidi ni wale mashabiki, wasichana wamesuka nywele msuko mmoja ukalazwa begani kama Katniss, wengine wana ile pini ya ndege kifuani, wengine wameshika kitabu kifuani kama vile wanakwenda nacho mtihani. Mastaa utawaona kwenye picha kesho yake asubuhi na utawaona vizuri zaidi kuliko ulivyosimama pale, hiyo niseme ukweli. Wale wasomaji hutawaona popote.

Sasa ndani. Kitu ambacho watu hawakifikirii ni kwamba ule ukumbi unakuwa umejaa watu wanaojua kitakachotokea. Muvi ya kawaida watu wanakaa wanajiuliza atapona au hatapona, pale hakuna anayejiuliza hivo, kila mtu anajua nani anakufa na lini, na bado moyo unadunda, manake unachosubiri ni namna. Watakionyeshaje. Yule uliyemuona kichwani mwako miaka yote atafananaje, atatamka vipi lile neno. Kitabu kile kilitoka 2008, kwahiyo kuna watu mle ndani walikuwa wamekaa nacho karibu miaka minne, kila mmoja kivyake, chumbani kwake au kwenye basi, halafu kwa mara ya kwanza wanakaa elfu kadhaa pamoja wanakifuata ukurasa kwa ukurasa.

Ilipofika ile siku ya kuchagua majina, Effie Trinket, yule mama anayetumwa kuchomoa jina la atakayekwenda uwanjani, anaenda kwenye lile bakuli la kioo na mkono wake unazunguka juu ya vile vikaratasi, ukumbi mzima ulinyamaza kabla muvi yenyewe haijanyamaza. Tulikuwa tunajua ni Prim, mdogo wake Katniss. Dada mmoja pembeni yangu, wala hatujuani, alinishika mkono akanibana, sikumgeukia wala yeye hakunigeukia, tukabaki hivohivo mpaka Katniss anapojitolea kwenda badala ya mdogo wake. Nimeshaiangalia ile sehemu nyumbani mara nyingi tu na bado ni nzuri, lakini nyumbani ni nzuri kwa sababu imeigizwa vizuri, siku ile ilikuwa na kitu kingine, ilikuwa ni kama watu wote tumeshika hicho kikaratasi.

Lakini pale hasa ninapotaka kupasema ni kwa Rue, yule mtoto mdogo wa Wilaya ya 11 anayekuwa rafiki yake Katniss kule uwanjani, na ndo penye jibu langu lote.

Waliosoma mnakumbuka. Kwenye kitabu Rue akishakufa, Katniss anampamba na maua, anainua vidole vitatu, ishara ya kumuaga mtu unayempenda, halafu baadaye unashuka mkate kwa parachuti, mkate wa Wilaya ya 11, kwao Rue. Watu maskini wa kutupwa, wenye njaa, wamechangishana kumnunulia mtoto wao mkate na mtoto amekufa kabla haujafika, wakaamua uende kwa huyu msichana wa wilaya nyingine aliyemzika vizuri. Mi ule mkate ndo ulionifanya nikipende kile kitabu. Sio mishale, sio Peeta na Gale wale wavulana wanaompenda Katniss, ule mkate. Na najua siko peke yangu manake pale ukumbini, Katniss alipoinua vile vidole, ulisikia watu wanavuta pumzi wanausubiri.

Haukuja. Muvi ikahamia Wilaya ya 11 yenyewe, watu wanaangalia kwenye skrini yao kubwa, wananyoosha vidole vitatu na wao, halafu mzee mmoja anashindwa kuvumilia anawavamia walinzi na ghasia zinaanza, magunia yanamwagwa, maji ya kuwatawanya watu yanapigwa. Kitu hicho hakimo kabisa kwenye kitabu cha kwanza. Na wewe fikiria umekaa na maelfu ya watu waliokuwa wanasubiri mkate wakapewa maandamano. Kwanza kulikuwa na mguno, yaani ule mguno wa "mbona hivi", nliusikia wazi na ulitoka kwangu pia. Halafu taratibu, kadiri wale watu wanavyozidi kupambana, ukumbi ukabadilika, kuna mtu nyuma kabisa alianza kupiga makofi, wengine wakalia kwa sauti, binamu yangu alikuwa ameinua vidole vitatu gizani na sidhani kama alijua anafanya hivo.

Ndo nikaelewa walichofanya. Kitabu chote unasimuliwa na Katniss mwenyewe, huwezi kutoka kichwani mwake, anachojua yeye ndo unachojua wewe, kwahiyo Wilaya ya 11 ingemfikia vipi zaidi ya kumtumia kitu? Kamera haifungwi hivo. Kamera inaweza kwenda kwa wale waliochangishana mkate ikakuonyesha nyuso zao. Mwandishi wa kitabu, Suzanne Collins, alishiriki mwenyewe kuandika skripti pamoja na mwongozaji Gary Ross na Billy Ray, kwahiyo sio kwamba wageni walivamia kazi ya mtu. Bado naupenda mkate kuliko zile ghasia, nitaupenda mpaka kesho, lakini nliikubali ile sehemu palepale kitini, na nliikubali kwa sababu niliwasikia wasomaji wenzangu wakiikataa halafu wakiikubali. Ningeiona peke yangu kwenye laptopu nadhani ningekasirika nikaizima.

Na hilo ndo nawaambia wanaosema subiri. Ukisubiri utaenda kuangalia ukiwa umeshasoma maoni ya dunia nzima, umeshaambiwa wamekata nini wameongeza nini, umeshachagua upande. Usiku wa kwanza hakuna upande bado. Mnashtuka pamoja na mnasamehe pamoja, au mnakataa pamoja.

Manake kuna vitu tulivikataa. Ile pini ya ndege, kwenye kitabu Katniss anapewa na Madge, binti wa meya, rafiki yake wa shule, na inakuja kuwa na maana kubwa huko mbele. Kwenye muvi Madge hayupo. Kabisa, amefutwa, pini Katniss anaipata pale sokoni kwa mama mmoja kisha anampa Prim, na Prim anamrudishia. Wakati wa kutoka, kwenye ngazi, sikusikia watu wakiongelea magauni, nlisikia "Madge je?" kulia na kushoto, wasichana wasiojuana wanabishana kwa hasira kabisa, mmoja anasema imependeza zaidi ikiwa mikononi mwa dada na mdogo wake, mwingine anasema wamemnyang'anya Katniss rafiki pekee wa kike aliyekuwa naye. Mi niko na huyo wa pili. Na mguu wa Peeta pia, yule aliyeingia uwanjani pamoja na Katniss, kwenye kitabu anaupoteza, kwenye muvi anatoka na miguu yake yote miwili, hilo nalo naona walikwepa, manake kitabu kilikuwa kinakwambia ukitoka kwenye ule uwanja hutoki mzima. Tulibishana mpaka kwenye maegesho na watu ambao sitawaona tena maishani na nliwapenda wote.

Kuna jambo lingine lazima niliseme hata kama linauma. Wiki muvi ilipoingia kwenye sinema, tarehe 23 Machi, watu walijaa Twitter wakilalamika eti kwanini Rue ni mtoto mweusi, eti wangejua wasingelia kiasi kile. Amandla Stenberg aliyemuigiza alikuwa bado mtoto wa miaka kumi na tatu. Na kitabu kimesema waziwazi kwamba Rue ana ngozi ya kahawia iliyokolea, kimeandikwa, kipo, na Thresh, kijana mwenzake wa Wilaya ya 11, vilevile, ambaye aliigizwa na Dayo Okeniyi mzaliwa wa Nigeria. Nlipoyasoma yale maneno niliumia sana, halafu nikakumbuka ule ukumbi. Rue alipotokea mara ya kwanza kwenye skrini, amejificha anachungulia, ukumbi mzima ulitoa sauti ya mapenzi, ile "aaaah" ya kumuona mtu unayemjua. Walimtambua. Walikuwa wamesoma kweli na waliyemsoma ndo huyohuyo waliyemuona. Nashukuru Mungu nlianza na wale kabla sijakutana na hawa wengine, manake kitabu kile kwangu kingeweza kuchafuka.

Sasa najua mtu ataniambia dada, unaongea kirahisi, wewe ulipata tiketi ya shindano. Ni kweli, na naomba nisiwadanganye wadogo zangu wanaosoma hapa: wengi wanaokwenda kwenye uzinduzi mkubwa hawaioni muvi usiku ule. Wanaona zulia. Ile Harry Potter ya mwisho, Julai 2011, watu walijaa Trafalgar Square London maelfu kwa maelfu, kuna waliolala kwenye mahema na mvua inawanyeshea, na muvi yenyewe ilionyeshwa Leicester Square kwa walioalikwa. Wapo watakaokwambia huo ni ujinga. Mi siwezi kuwaita wajinga hata kidogo, walikulia ndani ya hadithi ile, wahusika wakakua pamoja nao, walienda kuaga na kuaga sio lazima uwe umekaa kwenye kiti. Ila kama unachotaka ni kile nlichokieleza mimi, yaani kuisikia hadithi ndani ya watu wengine, basi usitoe jasho lako kwa ajili ya kizuizi cha chuma, ulizia mapema kama kuna nafasi za ndani kwa mashabiki, wakati mwingine zipo, kwenye redio, kwenye kurasa za wachapishaji, na wakati mwingine wanatoa vikanda vya kuvaa mkononi vya kuingilia kwa waliowahi. Ukikosa usilie.

Kwa sababu uzinduzi wa wasomaji uko sehemu nyingine pia. The Hunger Games ilivyoanza kuonyeshwa Marekani usiku wa manane wa kuamkia ile tarehe 23, kwa maonyesho hayo ya usiku peke yake iliingiza karibu dola milioni 20. Nani anaenda sinema saa sita usiku na kesho yake ni Ijumaa ya shule na kazi? Ni wale wale wenye msuko begani na kitabu mkononi. Huko hakuna mastaa, hakuna zulia, tiketi unanunua kama kawaida, na ukumbi umejaa watu wanaojua mkate unatakiwa uje sasa hivi. Binamu yangu aliirudia usiku huo na wenzake wa chuo na akaniambia mguno ulikuwepo palepale, dakika ileile.

Kwahiyo muvi ijayo ya kitabu chako, onyesho la kwanza kabisa utakaloweza kufika, kata tiketi. Rudia kukisoma wiki ile ile, sio mwezi mmoja kabla, ili vitu vidogo viwe bado vya moto kichwani. Nenda na mtu mliyeazimana kitabu. Kaeni katikati ya ukumbi, sio pembeni, na taa zikiwaka msikimbilie mlangoni, bakini kwenye ngazi mbishane na watu.